Sura ya 6: Tairi au Beringi? Kuusoma Mvumo wa Gurudumu

“Fundi, gari langu linavuma nikishika lami. Nimebadilisha tairi zote nne na bado sauti iko palepale. Nifanye nini?”

Hakuna gereji Kitui, Mwingi, Wote wala Makindu isiyolijua swali hili. Anayeuliza huwa ameshaumia mfukoni: kanunua matairi, kalipia balansi, pengine kabadilishiwa na breki, na mvumo haujaondoka. Mara nyingi chanzo ni kipuri kimoja kilichojificha katikati ya gurudumu, beringi, ambacho kingetambuliwa kwa jeki, mikono miwili na dakika chache za subira.

Ukambani swali hili lina ugumu wake. Kwenye murram, kokoto hupiga chini ya bodi, vioo hutetemeka, mitungi na magunia hugongana huko nyuma, na beringi inayoanza kufa haisikiki. Gari likipanda lami, makelele hayo yote hunyamaza na mvumo hubaki peke yake. Barabara ya Kibwezi–Mutomo–Kitui ilikuwa ya vumbi kwa miaka mingi. Tangu iwekwe lami, watu huipita kwa kasi na utulivu, na ndipo dereva husikia kitu ambacho huenda kimekuwa naye kwa miezi. Wengine huilaumu lami, au kasi. Lami imefichua tu ubovu ulioanzia kwingine.

Sura hii inakufundisha kuitambua beringi iliyochoka, kuitofautisha na vitu vinavyofanana nayo kwa sauti, na kuamua kama safari iendelee au isimame.

Beringi ni kitu gani?

Ni pete mbili za chuma kigumu, moja ndani ya nyingine. Kati yake hupangwa gololi, au vipande vya chuma vilivyo mviringo mithili ya vipipa vidogo, kila kimoja kikikaa mahali pake. Ndani hutiwa grisi. Pembeni huzibwa kwa sili, yaani pete ya mpira inayozuia grisi isitoke na uchafu usiingie. Pete moja imeshikamana na gari. Nyingine huzunguka pamoja na habu, kile kitovu cha chuma ambacho gurudumu hufungiwa kwa nati. Gololi zikibingirika katikati, uzito wote wa gari hupita juu yake bila chuma kusugua chuma.

Wazo hili ni la kale kuliko gari lenyewe. Mwaka 1794 Philip Vaughan wa Carmarthen, Wales, alipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, kwa ekseli ya gari la farasi iliyozungukia gololi. Mwaka 1898 Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi nchini Marekani, alipata hataza ya beringi yenye vipande vilivyo vyembamba upande mmoja. Tatizo lililomsumbua lilikuwa kona: gari lenye mzigo likikata kona, uzito hausukumi gurudumu kutoka juu peke yake bali pia kwa ubavu. Likumbuke jambo hilo la kona, maana tutalitumia kupima.

Magari yetu yana beringi za aina mbili kuu:

- Ya kufunguka. Hupatikana kwenye malori, trela na pikapu nyingi za zamani. Fundi anaweza kuitoa, kuiosha, kuitia grisi mpya na kuikaza upya.
- Iliyozibwa. Hii ndiyo iliyo kwenye magari mengi madogo ya leo. Imetoka kiwandani na grisi yake ndani, haifunguliwi wala haikazwi. Ikichoka, hubadilishwa. Kwenye baadhi ya magari huuzwa pamoja na habu yake.

Tofauti hiyo ni pesa. Fundi akikuambia kuhusu beringi iliyozibwa kwamba “nitaikaza kidogo itatulia,” muulize atakaza nini. Nati ya ekseli ina kipimo chake kimoja, na kuizidisha hakurudishi chuma kilicholika.

Kwa nini huchoka mapema huku kwetu?

Beringi nyingi zilizotengenezwa vizuri hupita kilomita 100,000 bila taabu gari likitembea barabara nzuri. Kitui na Makueni zina maadui wanne wa kuipunguzia umri huo.

*Vumbi na mchanga.* Vumbi jekundu la barabara za ndani ni laini, nalo hujipenyeza kwenye sili iliyokauka. Likichanganyika na grisi hugeuka kuwa dawa ya kusagia chuma.

*Maji ya mtoni.* Mito yetu mingi ni ya msimu, na mahali pengi gari huivuka juu ya drifti, yaani kivuko cha zege kilichowekwa chini kabisa, maji yakija yapite juu yake. Mkasa wa basi lililosombwa na Mto Enziu, Desemba 2021, ulitufunza kwa uchungu kwamba mto uliojaa si wa kujaribiwa. Lakini hata maji machache, yasiyoweza kulisukuma gari, yana madhara yake. Habu iliyopata joto la safari ikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani ya beringi husinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Maji huharibu grisi, kisha kutu huanza. Dereva hasikii chochote siku hiyo. Sauti huja wiki kadhaa baadaye, naye amekwisha kuusahau mto.

*Mzigo.* Probox iliyojaza abiria hadi buti, pikapu ya ndengu au maembe iliyopita kiwango, lori la mchanga: vyote huziminya gololi kuliko zilivyokusudiwa. Rimu pana zinazochomoza nje ya bodi huongeza madhara, kwa kuwa uzito husogea mbali na katikati ya beringi.

*Mashimo na matuta.* Gurudumu likitumbukia shimoni kwa kasi, gololi hupiga pete na kuacha vibonyeo vidogo. Kuanzia hapo, kila mzunguko unapita juu ya vibonyeo hivyo, na chuma huanza kumeguka.

Yupo pia adui wa tano ambaye hatokani na barabara, ufundi mbaya wa kufunga. Tutafika kwake.

Kwa ufupi: beringi haifi kwa siku moja. Hupoteza grisi au hupigwa, hulika kidogo kidogo, huanza kuvuma, kisha hulegea. Kazi yako ni kuikamata kwenye hatua ya kuvuma.

Dalili za barabarani

Chagua kipande cha lami kilichonyooka kisicho na magari mengi. Zima redio, funga vioo, zima feni.

1. Mvumo unaofuata kasi. Husikika kama kinu cha kusaga mahindi kikiwa mbali. Huanza hafifu, labda kwenye kilomita 40 au 50 kwa saa, na kupanda kadiri gari linavyokimbia. Ukibadilisha gia huku kasi ikibaki ileile, mvumo haubadiliki. Hapo unajua hautoki kwenye injini. Ukitaka uhakika zaidi, simamisha gari pembeni na upige resi likiwa limesimama: mvumo usipotokea, injini haina hatia.

2. Mvumo unaobadilika kwenye kona. Hapa ndipo tunarudi kwa Timken. Ukikata kulia, uzito huhamia magurudumu ya kushoto. Ukikata kushoto, huhamia ya kulia. Mvumo ukizidi unapokata kulia na kupungua unapokata kushoto, mshukiwa wa kwanza ni beringi ya kushoto. Kona pana za barabara za vilima, kama zile za Mbooni, zinafaa kwa zoezi hili, mradi uende kwa mwendo wa kawaida na usivuke mstari wa katikati.

3. Mtetemo. Utausikia kwenye usukani kama tatizo liko mbele, au kwenye sakafu na kiti kama liko nyuma. Kwa kawaida huja baada ya mvumo.

4. Breki inayozama mara ya kwanza. Habu iliyolegea huyumbisha diski, nayo diski husukuma pedi za breki mbali. Ukikanyaga, pedali huenda chini kuliko kawaida. Ukikanyaga tena, iko sawa. Madereva wengi huongeza mafuta ya breki na kuendelea na safari. Hiyo ni hatari.

5. Taa ya ABS. ABS ni mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapofunga breki ghafla. Magari mengi husoma mzunguko wa gurudumu hapo hapo kwenye beringi au habu, kwa hiyo beringi iliyolegea inaweza kuuwasha mwanga huo.

6. Tairi linalolika vibaya. Mabaka ya hapa na pale kwenye tairi moja, ilhali mengine yako sawa, yanakuambia gurudumu hilo halikai wima.

Dalili moja pekee haitoshi kumhukumu mtu, wala kipuri. Mbili au tatu zikikutana kwenye gurudumu moja, panda hatua inayofuata.

Wanaofanana nayo

Makosa mengi ya gereji hutokea hapa, na ndiyo maana mteja hurudi na sauti ileile.

*Tairi.* Tairi lililolika kwa mawimbi huvuma karibu sawa na beringi. Tofauti ya kwanza: sauti ya tairi hubadilika barabara inapobadilika. Toka lami chakavu uingie lami mpya, uisikie ikishuka. Ya beringi haijali. Tofauti ya pili haihitaji kununua kitu. Hamisha matairi ya mbele yaende nyuma na ya nyuma yaje mbele, kisha rudi barabara ileile. Sauti ikihama, ni tairi. Ikibaki ilipokuwa, ni beringi. Jaribio hili lingemwokoa yule mteja aliyenunua matairi manne.

*Kiungo cha ekseli.* Magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele yana viungo vinavyoruhusu ekseli kuzunguka huku gurudumu likigeuka. Kikichoka hutoa “tak-tak-tak” unapokata usukani hadi mwisho na kuondoka polepole, kwa mfano ukigeuza gari kwenye stendi. Beringi haigongi namna hiyo, huvuma.

*Breki.* Pedi zilizokwisha hukwaruza au kupiga kelele ukikanyaga breki. Kelele ikitokea tu unapokanyaga, anza na pedi.

*Viungo vya usukani.* Hivi hugonga kwenye mashimo na kufanya gurudumu licheze, lakini havivumi. Tutavitenga kwa jeki.

Kupima kwa jeki

Usalama kwanza. Egesha mahali pa tambarare na pagumu, siyo juu ya mchanga. Zuia magurudumu yanayobaki chini kwa mawe makubwa pande zote mbili. Ukishainua gari, liwekee stendi au gogo imara chini ya fremu. Usiingize hata mguu chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Ukiwa pembeni ya Barabara ya Mombasa, usianze kabisa; malori hayo hayakuoni. Tafuta petroli stesheni.

Hatua ya kwanza: juu na chini. Shika tairi juu kwa mkono mmoja na chini kwa mwingine. Sukuma juu huku ukivuta chini, kisha kinyume chake. Gurudumu zima lisicheze. Ukisikia “kluk” ndogo au ukahisi nafasi, mwambie mwenzako akanyage breki na kuishikilia, halafu rudia. Mchezo ukitoweka, beringi ndiyo iliyolegea, kwa sababu breki imeifunga habu pamoja na vinavyoishikilia. Mchezo ukibaki, tazama viungo vya chini ya gari.

Hatua ya pili: kushoto na kulia. Shika pande mbili za tairi na ufanye vivyo hivyo. Gurudumu likicheza hivi tu na siyo juu na chini, mshukiwa wa kwanza ni viungo vya usukani.

Hatua ya tatu: zungusha na uguse. Weka gia nyutro. Kama unapima gurudumu la nyuma, achia na hendibreki, mawe yakiwa bado mahali pake. Zungusha gurudumu kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukigusa springi. Beringi nzima huzunguka kimya, na springi haisemi kitu. Iliyolika hutuma mkwaruzo mdogo unaoupata kwenye vidole hata kabla sikio halijaupata. Vua saa na pete, na usiweke vidole kati ya tairi na kitu chochote.

Hatua ya nne: linganisha. Rudia upande wa pili. Gurudumu zima ndilo kipimo cha gurudumu bovu, hasa kwa mtu asiye fundi.

Kuhusu joto: baada ya safari, sogeza mgongo wa mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa ya moto kupita nyingine zote, kuna tatizo. Hata hivyo breki iliyonata huleta joto hilohilo, kwa hiyo joto pekee si hukumu.

Naweza kuendelea kuendesha?

Hakuna anayeweza kukuhesabia kilomita zilizobaki, lakini hali ya beringi inakupa uamuzi:

- Mvumo hafifu, gurudumu halichezi. Agiza kipuri na upange kubadilisha ndani ya siku chache. Punguza kasi na mzigo, na uahirishe safari ndefu.
- Mvumo umegeuka mkwaruzo, rimu ni ya moto au taa ya ABS imewaka. Nenda gereji iliyo karibu kwa mwendo mdogo, siyo ya mjini kwa sababu unamjua fundi wa huko.
- Gurudumu linacheza wazi. Gari lisiende. Mwite fundi alipo, au livutwe.

Sababu ya ukali huo ni hii: beringi iliyolegea hula habu na sehemu inamokaa, ikaharibu breki, na mwisho inaweza kuliachia gurudumu likiwa mwendoni. Hebu fikiria hilo likitokea kwenye mteremko wa Salama, Barabara ya Mombasa, trela likiwa nyuma yako.

Kununua na kufunga

Usinunue kwa jina la gari pekee. Beringi ina namba iliyochorwa kwenye pete yake, nayo hueleza vipimo. Chukua mfano wa DAC40720037: shimo la ndani ni milimita 40, kipenyo cha nje ni 72, na upana ni 37. Mwombe fundi aitoe ile kuukuu, aipanguse, umsomee mwenye duka la spea namba hiyo.

Ukiwa nayo mkononi, itazame vizuri. Ikipasuliwa na kuoshwa kwa mafuta ya taa, njia ya gololi inapaswa kung’aa sawasawa. Ukiona vishimo, magamba ya chuma yaliyobanduka au madoa ya kahawia ya kutu, umeupata ushahidi. Ukiona chuma kimegeuka buluu, ilipikwa kwa kukosa grisi. Fundi asiyekuonyesha kipuri cha zamani amekunyima nusu ya kazi uliyolipia.

Beringi bandia ni tatizo la dunia nzima, na Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008 iliyounda mamlaka ya kushughulika nazo. Kwako wewe mnunuzi: kagua maandishi ya kwenye pete, yawe safi na yafanane na ya kwenye boksi, dai risiti, na jihadhari na jina kubwa linalouzwa kwa bei ya kutupa. Beringi ya mtumba iepuke. Kung’olewa kwake kutoka kwenye habu nyingine huenda kumeshaidhuru.

Sasa tumefika kwa yule adui wa tano. Wakati wa kufunga, simama karibu uangalie mambo manne:

1. Beringi isukumwe kwa mashine ya presi au kifaa cha kuvutia, nguvu ikienda kwenye pete ile inayobana. Kupiga nyundo pete ya pili hupitisha pigo kwenye gololi na kuacha vibonyeo. Beringi mpya itavuma kabla ya mwezi kwisha.
2. Gari lenye sensa ya ABS huenda likatumia beringi yenye sumaku upande mmoja. Upande huo lazima uelekee sensa.
3. Nati ya ekseli ikazwe kwa spana ya kipimo, inayoonyesha kiasi cha nguvu, siyo kwa kukanyagia bomba. Ikazwe kabla uzito wa gari haujashuka kwenye gurudumu. Kama mtengenezaji anataka nati mpya, weka mpya.
4. Kwa beringi ya kufunguka, sili iwe mpya na grisi iwe safi. Kukaza kupita kiasi huichoma. Kulegeza kupita kiasi huifanya icheze.

Si lazima kubadilisha pande zote mbili. Pima ya upande wa pili, na kama ni nzima, iache.

Muhtasari wa sura

- Mvumo unaopanda na kasi wala haufuati injini: shuku beringi au tairi.
- Ukibadilika kwenye kona: shuku beringi ya upande uliobeba uzito.
- Hamisha matairi kabla ya kununua matairi.
- Mchezo wa juu na chini unaotoweka breki ikikanyagwa: beringi imelegea.
- Gurudumu linalocheza halisafiri.

Mwisho, neno kwa wanaorudi nyumbani Desemba. Mwezi huo barabara za Kitui na Makueni hujaa magari yaliyobeba familia nzima, na mvua za vuli huwa bado zinanyesha au ndiyo kwanza zimepita. Inua gari lako wiki moja kabla ya safari, uyapime magurudumu yote manne, na ulipime tena ukirudi, hasa kama ulivuka maji. Kazi hiyo haimalizi saa moja, na fundi yeyote mwaminifu atakufanyia kwa bei ndogo kuliko tairi moja.